Mwalimu Anauliza: Maabara Hamna, Semina Zinaishia Mjini, Tufundisheje?

Meseji nyingi zilizoingia safari hii ni za walimu wa sayansi na hesabu, kwa hiyo nimewaachia nyie ukurasa wote. Baadhi nimezifupisha na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha Kemia shule ya kata mkoa wa Tabora. Tuna chumba kinaitwa maabara, kina meza na sinki lisilotoa maji basi. Bureti, ile mirija ya kioo yenye vipimo na koki, zipo mbili, moja imevunjika mdomo. Kidato cha nne ni wengi na mwisho wa mwaka wana praktiko ya NECTA (Baraza la Mitihani), taitresheni, yaani kudondoshea asidi kwenye besi mpaka rangi ibadilike ili kupima ukali wake, wanaisoma ubaoni. Mkuu wa shule anasema hela haijaingia. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mwalimu wangu. Hili swali linaniuma kwa sababu mtoto anayesoma taitresheni ubaoni anaikariri kama shairi, alafu siku ya mtihani ndo anashika bureti mara ya kwanza maishani, mkono unatetemeka, rangi inapita anaiangalia tu, maksi zinaondoka na wala sio kwamba hajui Kemia.

Sasa nisikilize. Kinachotakiwa kwenye taitresheni ni kitu cha kupimia ujazo na kinachoweza kutoa tone moja moja, na sirinji ya plastiki ya ml 10 ya duka la dawa muhimu, bila sindano, inafanya hiyo kazi vizuri kabisa. Walimu wengi hapa Tanzania wanaitumia miaka sasa. Vuta asidi mpaka ipite 10, geuza ncha juu, sukuma mpaka kipovu cha hewa kitoke na mpira ufike kwenye 10, kisha mwanafunzi anaangusha tone tone. Wafundishe kusoma pale ukingo wa mpira unapogusa kimiminika, sio kile kiduara cha nyuma, maana hapo ndipo wengi wanakosea na darasa zima linapata majibu yasiyofanana. Mistari ya sirinji mara nyingi ni ya ml 0.2 kwa hiyo usitegemee usahihi wa bureti, lakini kushika, kutikisa, kuangalia rangi, kurudia mara tatu na kutafuta wastani, vyote hivyo mtoto anavipata, na kila kikundi kinakuwa na cha kwake badala ya watoto ishirini kumzunguka mmoja.

Asidi nunua ya betri za gari, inauzwa vituo vya mafuta na maduka ya spea, ni asidi ya salfuriki ya karibu 4 hadi 5 M (M ni moli kwa lita, kipimo cha ukali wake). Angalia usiuziwe maji ya betri, yale ni maji yaliyosafishwa tu, ingawa nayo chukua chupa moja utayahitaji. Ukichukua kama ml 11 za asidi ukaziongeza kwenye maji mpaka ifike lita 1 unapata kitu cha jirani na 0.05 M. Na hapa nakusihi mwalimu, asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, taratibu, kamwe usimimine maji kwenye asidi maana inachemka ghafla na kurukia usoni. Hii kazi ifanye wewe mwenyewe, wanafunzi wasiwepo, umevaa miwani na glavu, na ndoo ya maji iko pembeni. Mwanafunzi akabidhiwe ile iliyokwisha kuzimuliwa tu.

Besi ndo sehemu ninayoipenda zaidi. Nunua bekingi soda, ile NaHCO₃ tupu, sio bekingi pauda maana hiyo imechanganywa na wanga na vitu vingine. Iweke kwenye chombo cha chuma au bakuli la enameli, sufuria ya alumini hapana, weka juu ya jiko la mkaa ukikoroga. Inatoa mvuke na kaboni dayoksaidi, inabaki Na₂CO₃. Ukianza na gramu 84 lazima uishie na gramu 53. Pima, rudisha jikoni, pima tena mpaka uzito ugome kushuka. Wafanye hivyo wanafunzi wenyewe kwa mzani wa jikoni wa kidijitali na utakuwa umefundisha moli kwa namna ambayo hawataisahau, kwa sababu wanaona gramu 31 zimepotea juu ya mkaa na wanatakiwa wakuambie zimeenda wapi. Alafu gramu 5.3 za hiyo kaboneti kwenye lita 1 ya maji yaliyosafishwa ni 0.05 M, na kwa kuwa moli moja ya kaboneti inamalizwa na moli moja ya asidi, ml 10 za kaboneti zinatakiwa zimalizwe na ml 10 za asidi. Jioni kabla ya kipindi fanya mwenyewe, ukiona zimetumika ml 9 ujue asidi yako imezidi ukali kidogo, ongeza maji au waachie wanafunzi watafute ni M ngapi hasa, hilo ni swali zuri kuliko lile la kwenye kitabu.

Kiashiria, ile dawa ya kubadilika rangi, methili orenji ya unga gramu 0.1 kwenye ml 100 za maji inakutosha muda mrefu sana. Rozela nayo inabadilika rangi, nyekundu kwenye asidi na kijani kwenye besi, nzuri kwa kidato cha kwanza na cha pili ila kwa taitresheni mabadiliko yake hayakati vizuri. Ile bureti nzima itunze, wiki za mwisho kila mtoto aishike japo mara moja ajue koki inazungushwaje.

Na mkuu wako usimwache apumue. Mwandikie orodha fupi yenye bei za dukani hapo hapo mjini kwenu, sirinji, asidi, methili orenji, mzani. Wakuu wengi wanakataa kwa sababu wanaletewa katalogi ya vifaa vya mamilioni, ila orodha ya aina hii mara nyingi inapita. Haya yote hayaondoi ukweli kwamba watoto wa shule za kata wanastahili maabara kamili yenye maji na gesi, na tuendelee kudai, ila kidato cha nne chako kinafanya mtihani mwaka huu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Fizikia, Mbeya vijijini. Miaka yote naona semina zinaitwa wale wale, wanarudi na kabrasha na cheti, darasani hakuna kinachobadilika. Sasa tunaambiwa kuna MEWAKA na jumuiya za kujifunza shuleni. Kiukweli kwetu ni kikao kingine tu, tunasaini mahudhurio tunaondoka. Hivi kuna faida yoyote?

JIBU: Faida ipo, ila sio kwa namna mnavyoifanya, na hapo sikulaumu wewe maana shule nyingi zinafanya hivyo hivyo.

MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, msingi wake ni kwamba mwalimu ajifunzie pale pale anapofundisha, na wenzake, kila wiki, badala ya kusubiri semina ya siku tatu hotelini. Hilo wazo limejaribiwa kwingine muda mrefu. Japani walimu wanapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha wengine wakiwa wamekaa nyuma, kisha wanakaa kulichambua, na wamefanya hivyo vizazi na vizazi. Kenya walianza SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hesabu na sayansi sekondari, mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani kupitia JICA, ikaja kuzaa CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa hesabu na sayansi pale Karen, Nairobi, na msisitizo wao ulikuwa mwanafunzi afanye, ajaribu, na mwalimu abuni vifaa vya mazingira yake, apange, afanye, aangalie, arekebishe.

Kwa hiyo kikao chenu kikianza na ajenda na kufungua na kufunga, achana nacho, fanyeni hivi. Chagueni somo moja la wiki ijayo ambalo watoto huwa wanafeli. Moja, sio mada nzima. Tuseme kidato cha kwanza, kuelea na kuzama. Watoto wengi wanaamini kizito kinazama na chepesi kinaelea, basi, na ukiwapa fomula ya densiti (uzito gawanya kwa ujazo) wataikokotoa vizuri tu huku imani yao iko pale pale. Leteni machungwa mawili na ndoo ya maji. Kabla ya kuweka, kila mtoto aandike kwenye daftari anachotabiri, hili ni muhimu kuliko jaribio lenyewe, maana asipoandika atakuambia baadaye kwamba alijua. Chungwa lenye ganda linaelea. Limenye, liweke, linazama. Darasa litapiga kelele kwa sababu limekuwa jepesi zaidi alafu limezama! Sasa hapo waache wabishane, usitoe jibu dakika hiyo, mtoto mmoja atakuja kusema ganda lina vijihewa ndani, mwingine atasema saizi nayo imepungua, na densiti imeshaingia darasani hata hamjaandika fomula.

Mwalimu aliyekaa nyuma kazi yake ni kuangalia watoto. Asiandike mwalimu aliandika ubaoni vibaya au alisahau malengo, hapana, akae karibu na kikundi kimoja aandike walichosema kwa maneno yao. Mkikaa baada ya kipindi mnasoma yale maneno, mnaona wapi walipotea, mnarekebisha, na mkondo B unafundishwa toleo jipya. Hiyo ndo jumuiya ya kujifunza. Dakika arobaini zinatosha.

Najua utaniambia mko wawili tu wa sayansi. Mchukueni wa Hesabu, na wa Jiografia anaweza kuangalia watoto vizuri kabisa, tena huyo asiyejua Fizikia anauliza maswali ambayo watoto wanaogopa kuuliza. Na shule jirani mnaweza kukutana mara moja kwa mwezi kwenye kituo cha walimu cha kata kama kipo. Mwenzenu akirudi semina mwambieni asiwasomee kabrasha, afundishe kipindi kimoja mbele yenu kwa alichojifunza huko.

SWALI: Shule yetu tuna projekta moja na intaneti ni ya bando langu mwenyewe. Kuna kitu cha bure cha kuonyesha saketi na atomu?

JIBU: Kipo, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ilianzishwa 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobeli ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Simulesheni zao, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, zile za kisasa za HTML5 unazidownload mara moja ukiwa mjini, faili linakaa kwenye simu au laptopu na linafunguka kwenye brauza bila bando kabisa, na baadhi zimetafsiriwa Kiswahili. Anza na ile ya kujenga saketi na ile ya kujenga atomu. Ila usiifanye sinema, uliza kwanza taa itawaka au haitawaka, wapige kura, ndo ubonyeze. Na kama betri za tochi, waya na balbu zipo, anza na vya kushika mkononi, projekta ifuate. Shule yenye kompyuta kadhaa iangalie na Kolibri, programu inayokusanya video na mazoezi kwenye mashine moja na nyingine zinasoma kutoka hapo bila intaneti.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Kilifi, Kenya. Nilisomea Kiswahili na dini ila nimewekwa junior school (gredi ya saba hadi ya tisa) na napewa Integrated Science gredi ya saba, hatuna mwalimu mwingine. Watoto wananiuliza vitu sijui, naona aibu kusimama mbele yao. Nimeomba mafunzo sijaitwa. Naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ondoa aibu, hali hiyo wanayo walimu wengi sana tangu junior school ianze Januari 2023, walimu wa sayansi hawakutosha na kazi ikaangukia aliyepo. Na wewe una kitu wengi wa sayansi hawana, unajua lugha, unajua kueleza jambo mtoto akaelewa.

Anza na mada ya wiki mbili zijazo tu, usijaribu kumeza sayansi yote. Chukua kitabu cha mwanafunzi, fanya kila shughuli iliyomo wewe mwenyewe nyumbani jikoni kabla ya kipindi, zote, hata zile zinazoonekana za kitoto, kwa sababu maswali utakayojiuliza ukiwa umeshika kitu ndo hayo hayo watoto watakuuliza. Kama ni mada ya kuona vitu vidogo na darubini hamna, weka tone dogo la maji juu ya lenzi ya kamera ya mbele ya simu, simu iwe imelala, kisha shikilia bawa la nzi au mguu wa sisimizi karibu na lile tone usogeze juu chini mpaka picha itulie. Watoto watapanga foleni.

Mtoto akikuuliza usichojua, andika swali lake kwenye ukuta, karatasi yenye jina lake, mwambie tutalijibu Ijumaa, na ulijibu kweli. Tafuta mwalimu mmoja wa Fizikia au Biolojia shule ya sekondari ya jirani, mmoja tu, mpigie Jumatano na hayo maswali, wengi wanafurahi kuulizwa. KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, wana Kenya Education Cloud, tovuti yenye vifaa vya kila somo, pitia huko ukipata wifi. Na maombi ya mafunzo usiache kuyatuma, CEMASTEA kazi yao ndiyo hiyo, ila andika barua kupitia mwalimu mkuu na nakala ibaki kwako, useme wazi ulisomea nini na unafundisha nini, maana anayepanga orodha asipoona hivyo kwenye karatasi atadhani Kilifi hakuna tatizo.