Futa majina kwenye hivyo vikombe kabla hujapanda

Futa majina. Kama hujaandika, usiandike. Kama umeshaandika kwa ile kalamu isiyofutika, tafuta vikombe vingine, fanya unavyojua, lakini mbegu moja ndani ya kikombe kimoja chenye jina la mtoto mmoja ISIINGIE darasani kwako.

Samahani, sijasalimia. Nilikuwa nasoma swali lako vizuri tu mpaka nikafika pale uliposema kila mtoto atapanda haragwe lake, utabandika picha yake kwenye kikombe, na wiki ya tatu atalipeleka nyumbani kama zawadi. Hapo moyo ukanipasuka. Najua umeuliza mengi: michezo ya majira ya machipuko kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, viwavi, viota vya ndege, siku za mvua, nyimbo, na namna ya kuingiza kuhesabu humo humo. Nitayafikia. Labda.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili chekechea, watoto 22. Tulikuwa tumetoka semina, na mkufunzi wetu alikuwa na sauti tamu na picha za kupendeza ukutani. Akasema, "Haragwe halishindwi." Akasema mpe mtoto mbegu yake, kikombe chake, jina lake, ndipo ajenge hisia ya umiliki. Akamleta hadi Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyeiita shule ya watoto wadogo Kindergarten, yaani bustani ya watoto, mwaka 1840. Eti hata Froebel alimpa kila mtoto kipande chake cha bustani. Nikaandika, nikapigia mstari mara mbili.

Kisha nikatia chumvi yangu mwenyewe, na hapa siwezi kumlaumu mtu. Siku ya kupanda niliwakalisha chini nikawaambia: "Mbegu hii ni kama wewe. Ukiitunza vizuri itakua, kama wewe unavyokua." Isome tena hiyo sentensi taratibu, huku ukijua kwamba mbegu tisa hazikuota.

Siku ya sita zikaanza kutokeza. Kama hujawahi kuliona haragwe likitoka, halitangulizi majani. Linatanguliza shingo, imekunjwa kama mtu anayejivuta kutoka chini ya blanketi, halafu inanyooka na kuzivuta juu zile nusu mbili za mbegu. Darasa lilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Siku ya nane vikombe 13 vilikuwa na mche. Siku ya kumi bado 13. Siku ya kumi na mbili nilikuwa naomba Mungu.

Watoto wa umri huo hawajui takwimu lakini wanajua kuunganisha maneno. Mmoja alikuja akanivuta nguo: "Mwalimu, mimi sikuitunza vizuri?" Mwingine, mvulana mdogo kuliko wote darasani, mfupi hata kwa wenzake wa umri wake, alisimama mbele ya kikombe chake kitupu akauliza, "Kwa hiyo mimi sitakua?"

Nilimjibu kwa ustadi wa miaka miwili ya ualimu. Nilisema, "Haya watoto, tuimbe!"

Nicheke nini sasa. Kosa halikuwa la mbegu wala la watoto. Vile vikombe havikuwa na tundu chini. Kila asubuhi kila mtoto alikuja na chupa yake akamwagilia kwa mapenzi yote, na mtoto wa miaka minne akipenda kitu hana kipimo. Mbegu inahitaji maji, joto na hewa. Udongo ukijaa maji hewa haina pa kukaa, mbegu inashindwa kupumua, inaoza. Nilipochimba vile vikombe tisa jioni, nilikuta uji. Harufu yake bado naijua. Kwenye vikombe viwili mbegu ilikuwa imesukumwa hadi chini kabisa kwa kidole, kina ambacho hakuna mche ungefika juu. Kikombe kimoja kilikuwa cha mtoto aliyekuwa akiifukua mbegu yake kila siku kuangalia imefika wapi. Nilikuwa namgombeza. Leo nikikumbuka, ni yeye peke yake aliyekuwa anafanya sayansi mle ndani.

Na sasa kosa lenyewe, lililonigharimu kuliko yote. Badala ya kusema ukweli, nilipanda mengine nyumbani. Nikayapasha joto, nikayabembeleza, yakaota vizuri. Jumapili jioni nikaingia darasani kama mwizi na kuhamisha miche tisa kwenye vikombe tisa. Jumatatu shangwe! Yule mvulana mfupi aliruka mpaka kiatu kikamtoka. Nikajiona mjanja.

Shangwe ilidumu kama dakika kumi. Binti mmoja mtaratibu, asiyesema sana, aliinama juu ya kikombe chake akakaa kimya. Kisha: "Hili si haragwe langu." Nikamwambia ni lake, si unaona picha yako? Akasema, "Langu lilikuwa jeupe." Nikatazama. Haragwe likitoka, wakati mwingine ganda lake huganda juu kama kofia. Na lile ganda lilikuwa na madoa ya kahawia. Nyumbani yalikuwa yamebaki yenye madoa, na mimi sikuwaza kabisa kwamba kuna mtu mwenye miaka minne anayekumbuka rangi ya punje aliyoifukia wiki mbili zilizopita.

Akazunguka vikombe vyote tisa. Kimoja kimoja. Mpelelezi hangefanya vizuri zaidi. Halafu akatangaza, bila hasira, kama mtu anayesoma taarifa ya habari: "Mwalimu ameweka mengine."

Kesho yake nilikuwa na wazazi wawili mlangoni na mwalimu mkuu nyuma yao. Hawakukasirikia haragwe. Mama mmoja aliniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: mwanangu anasema mwalimu anadanganya, nimjibu nini? Sikuwa na jibu, na wimbo haukufaa pale. Muhula wote uliobaki yule binti kila nilichompa alikigeuza chini juu kwanza. Penseli, karatasi, hata kipande cha tunda. Mimi niliyepaswa kumfundisha kuchunguza vitu nilimfundisha kunichunguza mimi.

Baadaye nilisoma kuhusu Froebel mwenyewe, na hapo ndipo nilipomkasirikia yule mkufunzi mpaka leo. Ni kweli kila mtoto alikuwa na kitalu chake. Lakini kuvizunguka vile vidogo kulikuwa na vitalu vya wote, vya maua na mboga, ambavyo watoto walivitunza pamoja. Nusu nzima ya wazo! Mkufunzi aliitupa kwa sababu haikai vizuri kwenye picha yenye vikombe 22 na nyuso 22. Tena ile ilikuwa ardhi. Ardhi inapitisha maji, inasamehe. Kikombe cha plastiki hakisamehi. "Haragwe halishindwi." Nina wasiwasi kama yule bwana amewahi kuotesha hata kitunguu kilichosahauliwa jikoni.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na nitairudia hata mkinichoka: MBEGU NI ZA DARASA, HAKUNA MBEGU YA MTU.

Beseni moja pana, litobolewe chini, mbegu 40 au 50. Kila mtoto afukie mbili tatu popote anapotaka, zichanganyike, pasiwe na anayejua ipi ni ya nani. Kina kisizidi kucha mbili za mtoto. Kumwagilia ni zamu, watoto wawili kwa siku, kwa kifuniko cha chupa, na tu kama kidole kikizamishwa kinatoka kikavu. Na wewe panda nyingine pembeni siku nne kabla yao, waziwazi, waambie hizi zilitangulia. Hapo utakuwa na mbegu za hatua tofauti siku hiyo hiyo, na hutalazimika kuingia darasani usiku.

Zikishindwa kumi, hakuna anayelia. Mnazifukua, mnazipasua kwa kucha, mnatazama ipi imeoza na ipi imevimba tu ikaishia hapo. Mnapanga mistari miwili mezani: zilizoota, zisizoota. Mstari upi mrefu? Umezidi kwa ngapi? Hiyo ndiyo hesabu uliyokuwa unaiulizia, na imekuja yenyewe.

Ukitaka waone mizizi, chukua gilasi inayoonyesha ndani, jaza pamba au karatasi laini iliyolowa (si inayoogelea), ubane maharage kati ya karatasi na ukuta wa gilasi. Mzizi ukishafika urefu wa kucha, ilaze gilasi ubavu. Baada ya siku moja au mbili ncha ya mzizi itakuwa imepinda kuelekea chini tena. Waulize imejuaje chini ni wapi. Nilishawahi kujibiwa, "Imechungulia." Gilasi iwe moja au mbili, za wote. Umeshanielewa.

Kwa wa miaka mitatu haragwe linachelewa, wataanza kulisahau. Haradali juu ya pamba yenye unyevu hutokeza kwa siku mbili hadi nne, figili siku tatu hadi sita hivi. Karoti usiguse, inaweza kuchukua wiki mbili au tatu na wewe utazeeka kabla yao.

Halafu jambo ambalo semina nzima halikutajwa: mbegu za kilimo zenye rangi ya ajabu, waridi, buluu, kijani kinachong'aa, huwa zimepakwa dawa. Zisiingie mikononi mwa watoto. Maharage mekundu mabichi nayo yana sumu, punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha mtu, kwa hiyo huyo mwenye tabia ya kuonja kila kitu mkalishe karibu nawe. Na hesabu punje unapozigawa, hesabu tena unapozikusanya, kwa sababu ikipungua moja ipo puani mwa mtu, na haragwe likipata unyevu linavimba. Usiniulize nimejuaje.

Haya, viwavi. Sheria ile ile: asiwepo kiwavi mwenye jina la mtoto, nakuomba. Kiwavi anakufa kirahisi kuliko haragwe. Wengi wanakula mmea wa aina moja au jamii moja tu, kwa hiyo ukimtoa kwenye jani lake na kumpa saladi kwa upendo, atakufa njaa akiwa amekalia chakula. Mkute alipo, mtazameni hapo hapo kila siku. Ukimleta ndani, mlete na majani ya mmea uleule na uendelee kuyachuma.

Viota msiguse, ni msimu wa kutaga na kulea. Jengeni cha kwenu kwa vijiti, nyasi na tope, ila kila mtoto atumie kibanio cha nguo badala ya vidole, ndio mdomo wa ndege. Baada ya dakika tano watawaheshimu ndege. Kiota kimoja kwa kundi la watoto wanne. Unaona ninakoelekea.

Mvua: chora kwa chaki ukingo wa dimbwi, rudini baada ya saa moja mchore tena, na tena. Mistari inabaki inasimulia jinsi dimbwi lilivyopungua. Na kwa bahati njema dimbwi halina mwenyewe.

Nyimbo sijui, mimi nimeshasema historia yangu na nyimbo. Na lile la zawadi kwa wazazi nimelisahau... ah, zawadi. Miche ikifika kiganja, mzazi na mtoto waje pamoja, wachague mmoja wowote kutoka beseni wauhamishe wenyewe. Ndio maana ya kupanda 50.

Umesema vibandiko vya picha umeshavichapisha. Vibandike kwenye ndoano za makoti. Na hivyo vikombe, niambie leo hii kabla ya jioni: vina tundu chini au havina?