Kumwachisha nepi mtoto kabla mdogo wake hajazaliwa: anza mapema au subiri, usianze katikati

Swali lilikuwa hili: mtoto ana miaka miwili na miezi minne, mama ana ujauzito wa wiki 26, na nyumbani wanataka mkubwa awe ameacha nepi kabla kichanga hajafika. Je, muda unatosha?

Unatosha, ila hauna nafasi ya kuchezea. Hesabu yako usiipeleke hadi wiki ya 40, ipeleke hadi wiki ya 37, maana mtoto akizaliwa kuanzia hapo hahesabiwi njiti na uchungu unaweza kuanza siku yoyote. Kwa hiyo una wiki 11, si 14. Mtoto aliye tayari mara nyingi hupata mwelekeo wa mkojo wa mchana ndani ya wiki chache, lakini kufika mahali pa kwenda mwenyewe bila kukumbushwa huchukua miezi. Lengo ni apate angalau wiki nane bila nepi mchana kabla ya nyumba kubadilika. Ukitoa nane kwenye 11 unabaki na tatu, yaani uanze kati ya sasa na wiki ya 29. Ukishapita hapo, ushauri wangu ni kuacha kabisa na kusubiri hadi kichanga afikishe miezi miwili au mitatu.

Najua ushauri huo haupendwi, kwa sababu hakuna anayetamani kununua na kubadilisha nepi za watoto wawili. Lakini nepi ya mkubwa ni kazi ya dakika mbili, na wewe ndiye unayeamua uifanye saa ngapi. Mtoto aliyefundishwa nusu ndiye anayekupangia: anapiga kelele "kojo!" wakati kichanga ndiyo kwanza ameshika titi, na una nusu dakika ya kuamua nani asubiri. Nusu mafunzo na mtoto wa wiki mbili mikononi ni mzigo mkubwa kuliko nepi za wawili.

Kabla ya yote, hakikisha yuko tayari, na umri peke yake hautoshi kukuambia. Angalia haya: anakaa mkavu kwa saa mbili hivi mfululizo, anajua anapokojoa au anapojisaidia, mara nyingi kwa kujificha nyuma ya pazia au kusimama kimya ghafla, anaweza kushusha na kupandisha suruali hata kama ni kwa shida, anaelewa agizo lenye hatua mbili, kama "chukua kiatu, mpelekee baba". Ukavu wa saa mbili ndio wenye uzito zaidi. Unaonyesha kwamba kibofu kimeanza kujaa na kumwaga kwa mpango, badala ya kudondosha kidogo kidogo kutwa nzima. Kama hana, hakuna poti wala zawadi itakayomsaidia, subiri.

Vifaa ni vichache. Poti iwe na kitako kipana isipinduke, bakuli linalotoka kwa ajili ya kumwaga, na kimo kinachomwezesha kukanyaga chini kwa nyayo zote, magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Mkao huo ndio unaolegeza misuli ya haja kubwa. Miguu ikining'inia, mtoto anajikaza. Kwa hiyo ukitumia choo cha watu wazima, kiti cha kupunguzia tundu hakitoshi, lazima pawe na kigoda cha kukanyagia. Choo cha kuchuchumaa kina mkao mzuri kabisa, ila tundu lake huwatisha wengi wa umri huu, hivyo anza na poti kisha mwage mle yeye akiona. Andaa chupi nane hadi kumi na suruali za mpira kiunoni. Ovaroli, vifungo na mikanda weka kabatini kwa sasa.

Kwa mama kijacho kuna mambo mawili ambayo maelezo mengi huyaruka. La kwanza ni mgongo: usimnyanyue mtoto wa kilo 12 kumweka chooni mara nane kwa siku. Apande mwenyewe kwa kigoda, au atumie poti ya chini. La pili ni mikono. Watoto wadogo hubeba kirusi cha CMV kwenye mkojo na mate bila kuumwa, na kikimpata mjamzito kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 kila baada ya kumwaga poti, kumfuta mtoto au kushika chupi yenye mkojo. Kama kuna mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo, mwachie.

Na huyo mtu mwingine aingie tangu siku ya kwanza. Hili ndilo kosa ninaloliona sana: mama anafundisha peke yake, mtoto anashika vizuri, halafu mama anaondoka kwenda kujifungua na mtoto anabaki na baba, shangazi au bibi ambaye hajui dalili zake wala maneno anayoyatumia. Siku ya pili nepi imerudi. Baba ampeleke angalau nusu ya safari za poti, na kama mtoto atalala kwingine siku za uzazi, akajisaidie huko mara kadhaa mapema, kwa poti yake mwenyewe.

Wiki ya kwanza haina mafunzo. Poti inakaa sehemu inayoonekana, mtoto anaikalia akiwa na nguo akitaka, na kinyesi cha kwenye nepi unakimwaga chooni mbele yake ili aone kinakopaswa kwenda. Kisha chagua siku tatu au nne ambazo hakuna safari wala wageni. Asubuhi akiamka vua nepi, na mchana usiirudishe. Siku ya kwanza na ya pili akae bila kitu chini au na suruali nyepesi isiyo na chupi. Nepi za kutupa hunyonya mkojo upesi kiasi kwamba mtoto hasikii ameloa, na asiposikia hawezi kuunganisha kile kibofu kinachomwambia na kile kinachotokea.

Mpeleke kwa matukio, si kwa saa: akiamka, baada ya kula, kabla ya kutoka, kabla ya kuoga, kabla ya kulala. Ikiwa katikati pamepita saa moja na nusu hadi mbili, mkumbushe. Kuna wanaompeleka mtoto kila dakika 15. Hiyo hupunguza nguo za kufua siku hiyo, lakini mtoto hajifunzi chochote kwa sababu kibofu hakipati kujaa. Kibofu cha miaka miwili hubeba takriban mililita 120. Kiache kijae, asikie, ndipo aende. Usiulize "unataka kukojoa?", jibu ni hapana hata kama amebana miguu. Sema "twende poti, gari lako litakusubiri hapa." Dakika mbili tatu zinatosha kwa mkojo, tano kwa haja kubwa. Akikaa zaidi ya hapo poti inageuka adhabu.

Akikojoa sakafuni, sema kwa sauti ya kawaida "mkojo umetoka, mkojo unaingia kwenye poti", mpeleke akalie hata kama umekwisha, kisha abebe mwenyewe nguo iliyoloa hadi kwenye beseni. Usichape, usimcheke, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Sisemi hivyo kwa huruma tu. Mtoto anayeogopa ajali huzuia, na anayezuia hufunga choo, na hapo una tatizo la miezi badala ya la siku.

Ajali zenyewe zina lugha yake ukizitazama. Zikitokea jioni zaidi, ni uchovu. Mpeleke mapema zaidi wakati huo. Zikitokea katikati ya mchezo, hataki kuuacha. Isogeze poti karibu. Msichana anayeloa kidogo dakika chache tu baada ya kutoka chooni huenda anakojoa akiwa amebana mapaja, mkojo unaingia ukeni kisha unachuruzika akisimama. Shusha chupi hadi vifundoni, atanue magoti, ainame mbele kidogo. Amfutaye amfute kutoka mbele kwenda nyuma. Mvulana aanze kwa kukaa, na aelekeze uume chini kwa mkono, vinginevyo mkojo unapita juu ya ukingo. Ile ngao ya mbele ya poti iwe fupi, ikiwa ndefu humkwaruza anapokaa, na akikwaruzwa mara moja hatakaa tena. Mtoto anayedondosha kidogo kidogo siku nzima, anayelia akikojoa, au mwenye homa na mkojo wenye harufu isiyo ya kawaida, apimwe mkojo hospitalini kabla hujamlaumu kwa uzembe.

Sasa haja kubwa, ambako wengi hukwama. Ni kawaida mtoto kukojoa kwenye poti vizuri na kukataa katakata kunya mle. Atasubiri nepi ya usiku, au atakwenda kwenye kona yake. Usishindane naye hapo. Akiomba nepi ya kunyia mpe, maana bora anye kwenye nepi kuliko azuie. Kisha punguza taratibu: siku kadhaa anaruhusiwa kunya akiwa na nepi lakini ndani ya choo tu, akizoea, akiwa na nepi huku amekaa juu ya poti, akizoea, nepi inafunguliwa pembeni na kuwekwa ndani ya bakuli la poti, mwisho inatolewa. Kila hatua ikae hadi aifanye bila kubishana. Wakati mzuri wa kumkalisha ni kati ya dakika 15 na 30 baada ya mlo, hasa wa asubuhi, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana huanza kusukuma.

Akizuia, angalia choo chenyewe. Kikiwa kigumu kama gololi, au akienda mara mbili au pungufu kwa wiki, ana choo kigumu na mafunzo yasimame. Choo kikubwa kikavu kilichomuumiza mara moja kinatosha kumfanya azuie. Akizuia kinakauka zaidi, na kinachofuata kinauma zaidi. Ongeza maji, matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, na punguza maziwa kama anakunywa mengi sana, kwa sababu yanamshibisha asile vyakula vyenye nyuzinyuzi. Ikiendelea, daktari ana dawa za kulainisha choo zinazofaa watoto. Usimpe ya watu wazima. Na ukiona kinyesi cha majimaji kinachafua chupi mara kwa mara ilhali hajapata choo cha maana kwa siku kadhaa, usifikiri anaharisha. Mara nyingi ni choo kigumu kilichokwama, na kilaini kinapita pembeni yake bila yeye kuhisi.

Muda wote huu usirundike mabadiliko. Kama kitanda chake kitachukuliwa na kichanga, au anahamishiwa chumba kingine, au anaanza shule ya awali, weka wiki tatu nne kati ya jambo moja na jingine. Ukilazimika kuchagua, mhamishe kitanda kwanza, nepi baadaye.

Ukipita wiki mbili na hakuna nafuu, au akiona poti analia na kukaza mwili, rudisha nepi bila maneno, pumzika wiki nne hadi sita. Kwa wewe wa wiki 26, mapumziko hayo yatakupeleka karibu kabisa na kujifungua, kwa hiyo usirudie tena kabla ya hapo. Hajafeli na hujafeli, kalenda ndiyo imekataa.

Kichanga akifika, tegemea kurudi nyuma, hata kwa mtoto aliyekaa mkavu miezi miwili. Usimwambie "wewe mkubwa sasa." Anachokiona yeye ni kwamba mwenye nepi ndiye anayebebwa, anayenyonyeshwa na kutazamwa, na ukubwa haujamletea faida yoyote. Weka poti karibu na unaponyonyeshea, mpeleke kabla hujaanza kunyonyesha, kisha mpe kitu cha kuchezea kinachotoka saa hiyo tu. Rudisha ukumbusho wa matukio kama wa wiki ya kwanza. Mpe dakika kumi zake peke yake kila siku, kichanga akiwa kwa mtu mwingine. Akiomba avishwe nepi kama mdogo wake, mvalishe moja bila mjadala. Wengi huichoka siku hiyohiyo. Ajali za wiki chache ni za kawaida.

Usiku usiuguse kabisa kipindi hiki. Ukavu wa usiku haufundishwi, unategemea mwili kuanza kutoa homoni ya kutosha inayopunguza mkojo wakati wa kulala, na ubongo kuweza kumwamsha mtoto kibofu kikijaa. Madaktari hawahesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo kabla ya miaka mitano. Mvalishe nepi mwishoni kabisa, akiwa tayari kulala, na uivue mara tu anapofumbua macho, ajue ni ya kitandani tu.