Mbwa wa kumsaidia mtoto: maswali yenu

Video za mbwa waliofunzwa kuwasaidia watoto wenye ulemavu zimezunguka sana kwenye simu, na maswali yamefuata. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu safari hii.

Mwanangu wa miaka 7 ana usonji. Mlango ukiachwa wazi tu, huyo ashafika barabarani. Nimeona mbwa aliyeunganishwa na mtoto ili asikimbie. Nitampata wapi? – Mama, Kisauni

Pole sana, mama. Ulichokiona ni kweli kabisa. Mtoto huvaa mkanda kiunoni, na kamba fupi huuunganisha na mkanda wa kifuani wa mbwa. Kamba ya pili iko mkononi mwa mzazi. Mtoto akichomoka, mbwa hujikita palepale au hulala chini, na uzito wake wa kilo 30 hivi humzuia mpaka umfikie. Lakini tazama vizuri: anayemwamuru mbwa ni mtu mzima. Huwezi kumwachia mbwa mtoto ukaenda zako sokoni Kongowea.

Kumpata ndiko kugumu. Tangu azaliwe mpaka akabidhiwe, mbwa huyu huchukua karibu miaka 2. Kwanza hulelewa na familia inayojitolea, azoee watu, magari na makelele, kisha huingia mikononi mwa mkufunzi kwa miezi kadhaa, na si wote wanaofaulu. Marekani, gharama ya mbwa mmoja hupita dola 20,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu. Mzazi anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ule msaada wa serikali, ataanzia wapi hesabu hiyo? Inaniuma kukuambia hivyo, lakini ni afadhali uyasikie sasa kuliko kungoja kitu kisichokuja.

Kwa hiyo kazi ambayo mbwa angeifanya, igawe kwa watu na vitu ulivyo navyo. Tia komeo juu kabisa ya mlango, asipofika, ila watu wazima wote wa nyumbani waweze kulifungua upesi kukitokea moto. Mvishe bangili yenye namba yako ya simu. Vijana wa steji ya bodaboda na mwenye duka la kona wamjue kwa sura, na wajue kwamba akiitwa huenda asiitike: wamshike mkono polepole, wasimpigie kelele. Na hili lishike sana: watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji. Akipotea, kimbilieni kwanza kwenye visima na ufuoni, ndipo mzunguke mitaani. Kama bado hajapimwa, mpeleke kituo cha EARC, ambacho kazi yake ni kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwaelekeza shule inayowafaa.

Asalaam alaikum. Kaka yangu anaishi Uingereza na mwanawe ana mbwa msaidizi. Wanakuja likizo, na mama ameapa mbwa haingii nyumbani kwake. Tufanyeje? – Dada, Mji wa Kale

Waalaikum salaam, dada yangu. Mama msimlaumu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku pwani tumelelewa nayo, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo analijua tangu chuo cha Kurani. Lakini wanazuoni haohao wanasema kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Na mbwa wa haja, kama wa kuwinda au wa kulinda mifugo na shamba, ameruhusiwa katika hadithi. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki wao wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, hukohuko Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona kuja na mbwa wake: mbwa alitengewa mahali pake kwenye maingilio, naye kijana akaingia kuswali.

Hukumu ya nyumba yenu ni ya sheikh wenu, si yangu. Ila mpelekeeni swali lililotimia: mtoto ana ulemavu gani, mbwa anamfanyia nini, atalala wapi, nani atamlisha. Mkiuliza tu kama mbwa anaingia ndani, mtajibiwa hilo tu. Kisha mkae na mama kabla ndege haijatua. Mbwa anaweza kulala uani, awe na bakuli lake na taulo lake, na chumba cha mama na miswala yake visifikiwe kabisa. Mjukuu asije akajiona yeye ndiye aliyekataliwa.

Kaka yako naye aanze makaratasi mapema. Kuingia Kenya, mbwa anatakiwa awe na kibali cha idara ya mifugo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Damu yake ipimwe kabla hajaondoka Uingereza, la sivyo kumrudisha kunaweza kuchelewa miezi.

Kuna mtu anauza watoto wa mbwa kwa shilingi 40,000, anadai wananusa kifafa kabla hakijaja. Binti yangu ana kifafa. Ninunue? – Baba, Changamwe

Usinunue, baba. Wapo mbwa wanaofunzwa kuitikia kifafa kikishaanza: hubweka kuita watu, hukaa kando ya mtoto asiwe peke yake. Wengine, wakishaishi na mtoto muda mrefu, huonekana kuhisi mapema, lakini mkufunzi mkweli hawezi kukuahidi hilo, sembuse kwa mbwa ambaye hata kunyonya hajaacha sawasawa. Pesa hiyo iende kwenye dawa, maana kuruka dozi ni sababu kubwa ya kifafa kurudi. Akianguka, mlaze ubavu, mwekee kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, na utazame saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Zikipita dakika 5 hakijaisha, hospitali.

Binti yetu haoni, ana miaka 12. Anataka mbwa wa kumvusha feri aende kwa shangazi yake peke yake. – Mzazi, Likoni

Nimeupenda moyo wake. Shule nyingi za mbwa waongozaji, hata ile ya Afrika Kusini iliyoanza 1953, huwalenga zaidi wanaokaribia utu uzima. Na kwanza huuliza kama mtu anaimudu fimbo nyeupe, kwa sababu anayejua njia ni mtu. Mbwa kazi yake ni kumwepusha na shimo na nguzo, na kusimama kila wanapofika ukingo wa barabara. Akiambiwa "mbele" na gari linakuja, aliyefunzwa vyema hukataa kutii.

Basi fimbo ianze sasa. Shule ya Wasioona iko papo hapo Likoni, waulizeni walimu namna ya kumfunza. Kwenye kivuko anzeni saa ambazo watu wamepungua: ajifunze kwa mguu pale mteremko unapoanza, na kwa sikio mkokoteni unapokuja nyuma yake. Ule msukumano wa asubuhi aungoje mpaka awe na uzoefu.

Shule inaweza kumkatalia mtoto kuja na mbwa msaidizi? – Mwalimu, Mikindani

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika shuleni na kupata vifaa vya kumwezesha. Mbwa hakutajwa kwa jina, kwa hiyo kaeni na mzazi mpange: nani atamshika, nani darasani ana mzio wa manyoya, nani anaogopa. "Wazazi wengine watalalamika" mimi siihesabu kuwa sababu.

Mbwa wetu ni wa kawaida, mpole. Kijana wetu mwenye mtindio wa ubongo anampenda mno. Kuna ubaya? – Familia, Nyali

Hata kidogo. Awe rafiki yake, na urafiki huo unatosha. Msimtembeze mbwa mchana lami ikiwaka, nyayo zitaungua. Mchanjeni kichaa cha mbwa kila mwaka, na msiwaache wawili hao peke yao, maana mtoto asiyeweza kujisogeza hawezi kukwepa. Akiumwa au hata kukwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na bomba likiwa kavu mimineni kwa kata. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa.