Kofia ya felti ya mzee: pima kwanza, lipa nusu

Dada, umeuliza kama umlipe fundi pesa zote mapema kwa kofia ya felti ya baba. Usithubutu! Mimi nililipa yote, nikazungushwa miezi miwili hapa hapa Nairobi. Toa nusu kwa M-Pesa, nyingine kofia ikishamkaa mzee kichwani.

Felti, yaani sufu au manyoya yaliyoshindiliwa mpaka yakashikana, haishonwi kama kitenge. Hulainishwa kwa mvuke, ikavutwa juu ya kalibu ya mbao yenye umbo la kichwa, ikakaukia hapo, kwa hiyo kipimo kikikosewa kuirekebisha ni taabu. Zungusha futi ya kamba katikati ya paji la uso na juu kidogo ya masikio, mara tatu, kwa sentimita. Kama mzee hunyoa kichwa, asubiri anyoe kwanza.

Uliza pia: sufu au manyoya ya sungura? Ya sungura hustahimili mvua ya Aprili zaidi, ila bei yake, mama!