Medali ya Laila Schou Nilsen 1936 ni ya ski, sio skeiti

Ukijiuliza kama ile shaba ya Laila Schou Nilsen, mwanamichezo wa Norway, kwenye Olimpiki ya baridi kule Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, 1936 ni ya skeiti (mbio za barafu), hapana, ni ya ski za mlimani, shindano la kushuka mlima na slalomu kwa pamoja, maana Olimpiki rasmi ilikuwa haijawawekea wanawake mbio za skeiti, zimekuja kuingia 1960. Binti akaamua basi ngoja nijaribu ski, ana miaka 16 tu, akashinda kipande cha kushuka mlima, ila kwenye slalomu (kushuka kwa kupindapinda kati ya vijiti) Wajerumani Cranz na Grasegger wakamzidi, wakampita kwa jumla ya pointi. Kwenye skeiti yenyewe alikuwa moto, bingwa wa dunia 1937 na 1938, na bado akacheza tenisi, handiboli mpaka rali za magari, yaani huyo ni noma.