Kopo la kostiki usiliache wazi hata dakika mbili

Wenzangu wa maabara za shule, hasa sisi wa huku Tanga kwenye joto na unyevu, leo niwape habari za kostiki soda, yani sodiamu haidroksaidi, maana imeshanitia aibu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini naandaa praktikali ya form four, nimepima gramu 4 za kutengeneza lita moja ya solusheni ya 0.1 M (yani moli 0.1 kwa lita), simu ikaita, shemeji huyo, na shemeji akianza kuongea hamalizi. Narudi nakuta vidonge vinang'aa, vimetoka jasho kama konda wa daladala saa saba mchana, mizani inasoma 4.3 na bado inapanda! Mimi na akili zangu nikatoa vidonge kadhaa irudi 4.00. Kumbe kilichoongezeka ni maji ya hewani tu, ningeviacha vilevile ningekuwa karibu sawa, mimi nikapunguza kostiki yenyewe. Siku ya taitresheni, yani kudondoshea asidi kwenye kostiki mpaka zilingane, darasa zima linapata mililita 23 na kitu za asidi badala ya 25, na watoto wanadhani wamekosea wao.

Hii kitu inanyonya unyevu mpaka inajiyeyusha yenyewe, halafu inavuta na kabonidayoksaidi inageuka kaboneti, ndo ule ukoko mweupe unaouona kwenye kopo la zamani. Kwa hiyo pima haraka, funga kopo hapohapo kabla hata hujasoma namba, na usiamini mizani peke yake, hakiki solusheni kwa asidi oksaliki.

Kuyeyusha: maji kwanza, vidonge baadaye, kidogokidogo huku unakoroga, maana inachemka vibaya sana ukiirundika. Miwani na glavu uvae, usinambie umezoea. Kidonge kiliwahi kuninasa kwenye mkono wenye maji, mwanzoni hakiumi, unasikia utelezi kama sabuni, na ni sabuni kweli, inatengenezwa na mafuta ya ngozi yako. Kimbilia bomba, acha maji yatiririke robo saa, siki na ndimu achana nazo. Ikiingia jichoni suuza muda wote huo au zaidi, hospitali moja kwa moja.

Solusheni weka kwenye chupa ya plastiki, na sufuria za alumini usiguse, inazila. Bureti nayo, ule mrija wa vipimo wenye koki chini, suuza siku hiyohiyo, mimi ya koki ya kioo niliisahau Ijumaa, Jumatatu koki haizunguki, mpaka leo iko kabatini.