Kamba kwanza: kuiandaa mashua ya matanga kwa Mfereji wa Panama

Kabla hujahangaikia makaratasi, piga magoti sitahani ukague vyuma vya kufungia kamba, viwili omo (mbele) na viwili tezi (nyuma). Kisha ingia ndani uzitazame boliti zake kwa chini. Kama zimekazwa kwa washa ndogo tu, weka bamba la chuma, maana ndani ya malango, yaani vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia vyombo, chombo chote kitavutana na vyuma hivyo. Tundu za kupitishia kamba nazo ziwe zimezibwa juu: kamba inashuka kutoka ukutani, juu kabisa ya vichwa vyenu, na tundu lililo wazi huiachia ikachomoka.

Kamba zinazotakiwa ni nne, kila moja mita 38, unene milimita 22, kipande kimoja. Usiunganishe mbili fupi. Fundo litakwama tunduni wakati maji yanapanda. Urefu huo una sababu. Chumba kina upana wa mita 33.5, na mkifungwa katikati kamba huenda mshazari mpaka juu ya ukuta, halafu lazima ibaki ya kushika. Ncha moja iwe na kitanzi cha karibu mita moja.

Kila kamba na mtu wake. Nahodha hahesabiwi, yeye ana usukani. Ukitokea Atlantiki, malango ya kwanza ni Gatún: pale vyumba vitatu hupandisha chombo mita 26, na maji huingia kwa fujo kutokea sakafuni. Washika kamba wavute papo hapo kila inapolegea, kwani upande mmoja ukizembea omo hugeuka na mashua huelekea ukutani. Pedro Miguel na Miraflores, malango ya upande wa Pasifiki, mnashuka: hapo ni kuachia kidogo kidogo. Anayeifunga kamba akaondoka atakuta mashua inaning'inia na chuma kinang'oka. Na asiizungushe mkononi, hata mara moja.

Dapra, yaani maboya ya kukinga ubavu wa mashua, ziwe nyingi na kubwa. Mkifungwa ubavuni mwa mashua nyingine, moja isogee mbele kidogo ili milingoti isigongane. Paneli za sola zifunikwe kwa magodoro, kwa sababu wafanyakazi wa mfereji hurusha kamba nyembamba yenye fundo zito nchani.

Toka Gatún hadi Pedro Miguel ni takriban kilomita 50, mwendo wa injini. Kwa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) ni zaidi ya saa 5, na ukichelewa unakosa zamu ya malango. Sugua pangaboi (rafadha ya kusukuma mashua), kwani mashua ikisubiri nangani huota magamba. Beba mkanda wa injini, machujio ya dizeli na mpira wa pampu ya maji ya kupoza.

Chombo kisichofika mita 20 kwa kawaida hupewa mshauri wa mfereji wa kukuongoza njiani, badala ya rubani wa meli. Mwekee kivuli, choo kinachofanya kazi, chakula cha moto na maji ya chupa ambazo hazijafunguliwa.

Meli iliyo mbele ikianza kuondoka, pangaboi lake hutibua chumba kizima. Msifungue kamba hata moja mpaka mshauri aseme.